Barua ya wazi kwa kamati ya uteuzi wa filamu: mrudishieni Anna Muylaert jina lake

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya uteuzi,
Wiki ya filamu za Brazili hapa mjini.

YAH: ANNA MUYLAERT NA KAZI ZAKE KATIKA RATIBA YENU

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwandishi wa miswada ya tamthilia za televisheni, na ni mtazamaji wenu wa siku nyingi. Niliwaandikia barua pepe kuhusu jambo hili, kisha nikaja ofisini. Nilipokelewa vizuri, nikakaribishwa chai, nikaahidiwa kwamba kamati ingekaa na kunipa jibu. Jibu halikuja. Kilichotoka ni kijitabu cha ratiba, na yote niliyoyalalamikia yamo humo vilevile, yamechapwa kwa rangi. Basi nimeona niyaseme hadharani, kwa heshima ileile, mbele ya watu wanaokata tiketi zenu.

Kwanza nawashukuru. Ni wachache wanaojisumbua kuleta filamu za Amerika Kusini huku kwetu, na mtu anayependa sinema hana mahali pengine pa kuzionea kwenye skrini kubwa. Sitaki wiki hii ife. Nataka itende haki.

Malalamiko yangu ni manne, na yote yanamhusu mtu mmoja: Anna Muylaert, mwongozaji na mwandishi wa miswada kutoka São Paulo. Katika ratiba yenu nzima, filamu yake ya mwaka 2015, Que Horas Ela Volta?, yaani Anarudi saa ngapi?, ndiyo pekee iliyoongozwa na mwanamke.

1. Jina lake halimo

Fungueni ukurasa wa filamu hiyo. Ipo picha ya Regina Casé, mwigizaji mkuu. Upo mwaka, ipo nchi, ipo mistari mitatu ya kisa. Jina la aliyeiandika na kuiongoza halipo. Ukurasa unaotangulia umeandikwa "filamu ya" na jina la mwanamume likafuata. Unaofuata hali kadhalika. Nilipouliza, niliambiwa nafasi haikutosha. Lakini ukurasa huohuo umebeba majina ya waigizaji watatu na nembo za wafadhili.

Ningelichukulia kuwa bahati mbaya kama lisingejirudia. Kwenye kijitabu hichohicho mmeiandika filamu ya Cidade de Deus ya 2002 kuwa ya Fernando Meirelles peke yake, wakati Kátia Lund anatajwa kwenye filamu yenyewe kuwa mwongozaji mwenza. Wakubwa wa sinema walimtenda hivyohivyo zamani: walipotajwa wanaowania Oscar ya uongozaji mwaka 2004, jina lililosomwa lilikuwa la Meirelles tu. Nyinyi hamkulazimika kuyarithi mazoea hayo.

Nina vijana wanaojifunza kuandika kwangu, wengi wao wasichana. Wakisoma kijitabu chenu wataondoka na picha moja vichwani: Brazili wanaume wanaongoza, wanawake wanaigiza. Hilo si kweli, na nyinyi mnajua si kweli.

2. Mmemtambulisha kama "kipaji kipya"

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye maneno ya utangulizi. Waheshimiwa, mwaka 2015 Muylaert alikuwa na zaidi ya miaka 25 kazini.

Alizaliwa São Paulo mwaka 1964, akasomea sinema katika shule ya mawasiliano na sanaa ya Chuo Kikuu cha São Paulo, akaanza kutengeneza filamu fupi miaka ya 1980. Ulikuwa wakati mgumu wa kuanza. Mwaka 1990 serikali ya Rais Fernando Collor iliifunga Embrafilme, shirika la umma lililokuwa likigharimia na kusambaza filamu za nchi hiyo, na kwa miaka kadhaa utengenezaji wa filamu ndefu Brazili ukakaribia kusimama kabisa. Vijana waliokuwa wametoka chuoni na ndoto zao walikuta hakuna pa kuzipeleka. Muylaert akaenda kuandikia televisheni.

Hapo naomba mtulie kidogo, maana ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo wachaguzi wa filamu huiruka. TV Cultura, kituo cha umma cha São Paulo, kilikuwa kikitengeneza vipindi vya watoto vya hali ya juu, naye alikuwa miongoni mwa waandishi wake: kwanza Mundo da Lua, kisha Castelo Rá-Tim-Bum kilichoanza kurushwa 1994. Ndani yake kuna Nino, mtoto wa miaka 300 anayeishi kwenye kasri katikati ya jiji pamoja na mjomba wake mchawi na bibi mkubwa Morgana, na ambaye hawezi kwenda shule kama watoto wengine. Mbrazili aliyekuwa mtoto miaka ile anamjua Nino mpaka leo.

Watu wa sinema huiona televisheni ya watoto kuwa kazi ndogo. Mimi ninayekula kwa kuandikia televisheni nasema hakuna shule ngumu kuliko hiyo. Mtu mzima akichoka atavumilia kwa adabu; mtoto anainuka anaondoka. Ukitazama filamu kubwa za Muylaert utaona alichokipata pale. Wahusika wake hawahutubii hisia zao. Hisia zimewekwa kwenye vitu vya kushika: kikombe, godoro, aiskrimu, tanki la maji.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Durval Discos, ilitoka 2002. Durval ana duka la santuri São Paulo mwaka 1995, wakati kila mtu amehamia CD, na yeye anakataa katakata kuziuza. Anaishi na mama yake mzee nyuma ya duka. Wanamwajiri dada wa kazi. Siku chache baadaye dada anatoweka, anaacha mtoto mdogo wa kike na kikaratasi. Nusu ya kwanza ni nyepesi, unacheka. Kisha filamu inageuka, kama santuri inavyogeuzwa upande wa pili, na kicheko kinakukwama kooni. Mwongozaji anayeanza akithubutu kuivunja filamu yake katikati namna hiyo, anaweza kupoteza kila kitu. Yeye aliondoka Gramado, tamasha kubwa la kusini mwa Brazili, na tuzo ya filamu bora na ya uongozaji bora.

Mwaka 2006 alikuwa mmoja wa waandishi wa O Ano em que Meus Pais Saíram de Férias, iliyoongozwa na Cao Hamburger, mwenzake wa tangu enzi za kasri la Nino. Ni hadithi ya mtoto aliyeachwa mtaa wa Bom Retiro, São Paulo, wakati wa Kombe la Dunia la 1970, wazazi wake "wamekwenda likizo", ambayo maana yake wanaukimbia utawala wa kijeshi. Ilishindanishwa katika tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, 2007, na Brazili ikaipeleka Oscar, ambako ilifika kwenye orodha ya mchujo. Mtoto aliyeigiza humo, Michel Joelsas, ndiye aliyekuja kuwa Fabinho katika filamu mtakayoionyesha nyinyi. Kwenye kijitabu chenu mmeiita "filamu muhimu ya Hamburger" mlipokuwa mnaeleza historia ya sinema ya Brazili. Waandishi wake hamkuwataja hata mmoja.

Mwaka 2009 akatoa É Proibido Fumar: mwalimu wa gitaa aliyezoea upweke na sigara, akampenda jirani mwanamuziki. Gloria Pires, nyota wa tamthilia anayejulikana nchi nzima, aliigiza mwanamke wa kawaida kabisa wa ghorofani, na filamu ikawa bora katika tamasha la Brasília.

Huyo ndiye mliyemwita kipaji kipya. Mwanamume mwenye rekodi hii mngemwita gwiji.

3. Wenye filamu mmewafungia nje

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na nitakaa hapa zaidi.

Filamu mmeipanga Jumanne saa nne asubuhi, kwa kadi za mwaliko, ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Saa nne asubuhi dada wa kazi yuko kwenye karai la nguo, au anamlisha mtoto wa mwenye nyumba. Kadi hana. Kiingereza, wengi wao hawawezi kukifuata kwa kasi ile. Kwa mpango huu, watu ambao filamu inawahusu kuliko wote hawataingia hata mmoja.

Val, anayeigizwa na Casé, ametoka Pernambuco, kaskazini mashariki mwa Brazili. Amemwacha binti yake Jéssica huko kwa ndugu akaja kufanya kazi São Paulo. Anamlea Fabinho, mtoto wa tajiri, anamwogesha, anambembeleza, anamfichia siri zake. Wake wa kumzaa anamlea kwa kutuma hela. Miaka inapita hivyo. Kisha Jéssica, sasa msichana mkubwa, anapiga simu: anakuja kufanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha São Paulo, kusomea usanifu majengo, na anahitaji pa kulala. Anafika kwenye nyumba ambamo mama yake analala chumba cha nyuma, kidogo, chenye joto. Anatandikiwa godoro chini. Lakini nyumba hiyohiyo ina chumba kizuri cha wageni kisicho na mtu, na Jéssica, aliyeigizwa na Camila Márdila kwa shingo iliyonyooka, haoni kwa nini asilale humo.

Kuanzia hapo kila kitu ndani ya nyumba kinakuwa mpaka. Ipo aiskrimu ya Fabinho na ipo ya watu wa jikoni. Ipo meza ya kulia na ipo meza ya jikoni. Lipo bwawa la kuogelea ambalo Val hajawahi kutia mguu. Siku Jéssica anapojikuta ndani ya bwawa hilo, kwa mchezo wa vijana, mama mwenye nyumba anaamuru maji yatolewe, akisema ameona panya. Hapigi kelele wala hatukani. Na anayemfundisha Jéssica sheria za nyumba ni mama yake mzazi: wakikupa kitu chao, wanakupa kwa adabu tu, wakijua utakataa. Nani amemfundisha hayo? Hakuna. Anasema mtu huzaliwa anayajua.

Kuna seti ya vikombe vya kahawa na chupa yake ambayo Val amenunua kwa hela yake kumpa bosi siku ya kuzaliwa. Bosi anashukuru na kumwambia aitunze kwa siku maalumu. Siku ya sherehe Val anavipanga kwenye sinia, amejaa furaha, anavileta mbele ya wageni, na anarudishwa jikoni navyo abadilishe. Tukio linapita haraka. Nimelionyesha kwa wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara chumba kinakuwa kimya kabla sijauliza swali, kwa sababu kila mmoja wao anamjua mtu aliyewahi kurudishwa na sinia.

Kisha tazameni kamera imewekwa wapi. Mpiga picha Bárbara Alvarez, wa Uruguay, anaiacha jikoni. Watu wanakula chumba cha pili. Sisi tunaona kipande cha meza kupitia uwazi wa mlango, tunasikia sauti, sahani zinatoka na kurudi mikononi mwa Val. Mtazamaji anaketi anapoketi mtumishi. Hilo halikutokea kwa bahati. Muylaert alianza muswada huu miaka ya 1990 baada ya kupata mtoto, alipoona jinsi kazi ya kulea ilivyo kubwa na jinsi isivyothaminiwa, na jina lake la kwanza lilikuwa A Porta da Cozinha, Mlango wa jikoni. Aliuandika, akauweka, akaurudia, kwa takriban miaka 20. Katika matoleo ya mwanzo binti alikuja mjini akaishia kwenye maisha yaleyale ya mama yake. Muylaert akaukataa mwisho huo, akampa Jéssica mtihani wa chuo kikuu.

Nchi ilikuwa imempa sababu. Mwaka 2012 sheria ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma shule za umma. Aprili 2013 katiba ilirekebishwa ili wafanyakazi wa nyumbani wapate haki walizonyimwa muda wote: kikomo cha saa za kazi, malipo ya ziada, na nyinginezo, sheria ya kuzitekeleza kikamilifu ikatoka Juni 2015. Filamu ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Brazili Agosti mwaka huohuo. Katika nchi yenye wafanyakazi wa nyumbani karibu milioni 6, wengi wao wanawake weusi, watu walitoka ukumbini wakibishana juu ya kile chumba cha nyuma ambacho wasanifu walikuwa wamekichora kwenye nyumba za matajiri vizazi na vizazi bila kuulizwa.

Waheshimiwa, sisi nasi tunacho chumba hicho. Kiko Masaki, kiko Mikocheni, kiko Nyali. Tunao wasichana waliotoka Singida na Iringa wakiwa wadogo, tunawaita beki tatu na tunacheka. Tunao wanawake wa Tanga na Mombasa wanaolea watoto wa watu Muscat, na wa kwao wanawaona kwenye simu. Hakuna filamu ya Brazili iliyokuja hapa ikiwa na watu wengi hivi wa kuielewa mpaka mfupani. Nyinyi mmeifanya ya kunywea juisi, kwa mwaliko.

4. Mmeishia 2015

Hapa nitakuwa mfupi. Kijitabu kinasema Muylaert "aling'ara mara moja". Mwaka 2016 alikuwa tena Berlin na Mãe Só Há Uma, iliyochochewa na kisa cha kweli cha mtoto aliyeibwa hospitalini: kijana anagundua kwamba aliyemlea siye aliyemzaa, na mama wote wawili wameigizwa na mwigizaji mmoja, Dani Nefussi, kwa ustadi ambao watazamaji wengi hawaugundui. Mwaka 2021 ikatoka Alvorada, filamu ya hali halisi aliyoiongoza pamoja na Lô Politi ndani ya makazi rasmi ya Rais Dilma Rousseff, katika miezi ya mwisho kabla hajaondolewa madarakani 2016. Mwaka 2024 akatoa O Clube das Mulheres de Negócios, ambamo wanawake wameshika mamlaka na wanaume ndio wanaotishwa na kushikwashikwa. Na Februari 2025, Berlin kwa mara nyingine, A Melhor Mãe do Mundo: Gal, mwokota taka aliyeigizwa na Shirley Cruz, anamkimbia mwanamume anayempiga, anawapakia wanawe wawili kwenye mkokoteni wake na kuuvuta kulivuka jiji la São Paulo, akiwaambia watoto wako safarini kucheza.

Huko ndiko kung'ara mara moja?

Najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine mlishaniambia.

Mtasema mlichagua kwa ubora, hamkutazama nani mwanamke nani mwanamume. Nawaamini kwamba hamkukusudia. Ila ubora mliouchagua ulikuwa umeshachujwa kabla haujafika mezani kwenu. ANCINE, wakala wa taifa wa sinema wa Brazili, ilihesabu filamu 142 za Kibrazili zilizotoka kwenye majumba ya sinema mwaka 2016. Asilimia 75.4 ziliongozwa na wanaume weupe, asilimia 19.7 na wanawake weupe, asilimia 2.1 na wanaume weusi. Mwanamke mweusi hakuwapo hata mmoja, katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hujitambulisha kuwa weusi au machotara. Usipotazama, unaletewa hesabu hiyohiyo na wewe unaipitisha. Na hata aliyefanikiwa kupenya hapewi nafasi ya kupumua: Agosti 2015, katika jiji la Recife, Brazili, kwenye mjadala wa filamu hiihii, waongozaji wawili wanaume waliingilia na kuvuruga mazungumzo ya Muylaert mbele ya ukumbi, kiasi kwamba taasisi mwenyeji iliwafungia mwaka mzima. Hapo tayari alikuwa ametoka kushinda Ulaya.

Mtasema watazamaji wetu wanataka bunduki na vitongoji vya Rio. Tuzo ambayo Que Horas Ela Volta? iliipata Berlin katika kitengo cha Panorama ni ya watazamaji: wanaipigia kura waliokata tiketi. Casé na Márdila nao walipewa tuzo ya pamoja ya uigizaji na majaji wa Sundance, tamasha la filamu la Marekani. Tena, filamu haina mlio hata mmoja wa risasi. Mtazamaji wa Berlin hajawahi kurudishwa jikoni na sinia, na bado aliipigia kura. Wa Temeke mnamwogopea nini?

Mtasema haki za kuonyesha ni ghali. Ni kweli, na sitaki kuonekana sijui bajeti zenu. Lakini mmelipia filamu mbili za mwongozaji mmoja mwanamume kwa mwaka huu, moja ikiwa ilishaonyeshwa kwenu. Hapo pesa ilipatikana.

Mtasema Mãe Só Há Uma ina kijana anayevaa magauni na mtazuiwa. Iombeeni daraja la umri linalostahili, kwa utaratibu, kama mnavyoziombea filamu za mauaji. Mkinyimwa, semeni mmenyimwa. Msijinyime wenyewe kabla ya kuomba kisha mkatuambia mwongozaji hana kazi nyingine.

Ninachoomba hakihitaji kikao kirefu. Jina la Anna Muylaert liandikwe, kama mwandishi na mwongozaji, kwenye bango la mlangoni, kwenye mtandao wenu na kwenye kijitabu, hata ikibidi kibandikwe karatasi juu ya ule ukurasa. Na la Kátia Lund liwekwe kunakostahili. Maneno "kipaji kipya" na "aling'ara mara moja" yaondolewe. Onyesho la Jumanne mnaweza kuwaachia wageni wenu, lakini liwepo la pili, Jumapili alasiri, siku ambayo wengi wa hao dada hupewa ruhusa ya kutoka, bila kadi na bila kiingilio kwa mfanyakazi wa nyumbani yeyote, na aruhusiwe kuja na mtoto anayemlea kama hana wa kumwachia. Maandishi ya Kiswahili nitayaandaa mimi na wanafunzi wangu, bila malipo. Wawili kati yao wamesoma Kireno Maputo na watafanya kazi moja kwa moja kutoka maneno ya filamu. Tunahitaji tu nakala na ruhusa, na hivyo viwili ni nyinyi mnaoweza kuviomba. Na kwa mwaka ujao naomba Durval Discos na A Melhor Mãe do Mundo ziwekwe kwenye ratiba, ya kwanza na ya karibuni, usiku mmoja baada ya mwingine, ili watu waone mwanamke huyu alikoanzia na alikofika.

Naomba pia jibu la maandishi, hata likiwa la kukataa, lenye sababu kwa kila ombi. Barua hii nimeituma kwa kila mjumbe kwa anwani ya ofisi, na nakala nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa ukumbi kwa idhini ya msimamizi wa zamu. Kijitabu chenu kinasema ratiba ya mwisho itatangazwa Ijumaa ya wiki kabla ya ufunguzi. Muda wa kurekebisha upo.

Wenu katika kazi ya filamu,

Mwandishi wa miswada na mtazamaji wenu,
Dar es Salaam.